Lami kwenye Glavu

Mama Rangi hakuwa na mtoto anayeitwa Rangi, na alishachoka kulieleza hilo. Jina alipewa na vibarua kwa sababu ya makopo ya rangi ya kupuliza yaliyokuwa yakining'inia kiunoni mwake: nyekundu ya umeme, bluu ya maji, kijani ya maji taka. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya ardhi na kusema kilichomo chini kabla mtu hajachimba. Basi. Ukiisema hivyo inasikika kama kazi ya mganga, na wapo waliomtania kwamba anapiga ramli, lakini yeye alikuwa na mashine, alikuwa na ramani, na alikuwa na magoti mawili yaliyokwisha kazi.

Asubuhi hiyo alifika kazini akiwa amechoka tayari. Sisemi uchovu wa kupiga miayo. Nasema ule wa mtu anayevaa fulana ndani nje, akiambiwa anajibu, "Iache tu." Mama yake mzazi alivunjika nyonga, na ulikuwa mwezi wa pili amelala chumba cha mbele. Mgonjwa wa namna hiyo lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo unaota vidonda; mchana jirani alisaidia, usiku alibaki Mama Rangi peke yake. Mdogo wake Mama Rangi, anayekaa mitaa mitatu kutoka pale, alishamwambia mara nne, "Dada, mlete mama kwangu japo wiki moja, na wewe upumzike." Mara zote nne Mama Rangi alijibu, "Tutaona." Yeye ndiye mkubwa. Aliona akimpeleka mama kwa mdogo wake ni sawa na kumtupa. Ubishi huo, jamani, ndio ulioanzisha yote haya, wala msitafute mchawi.

Dereva wa katapila alikuwa shemeji yake, mume wa huyo huyo mdogo wake. Walikuwa wakifanya kazi pamoja kwa miaka kumi na moja, yeye akipaka rangi, shemeji akichimba.

"Shemeji," dereva alimwita kutoka juu ya kiti chake, "leo umeamkia upande gani wa kitanda?"

"Upande wa sakafuni."

"Inaonekana. Hiyo fulana inakutazama wewe badala ya kututazama sisi."

"Chimba mtaro, baba. Mambo ya nguo mwachie mkeo."

Dereva alicheka mpaka akapiga honi. Hakuwa mtu mbaya shemeji huyu. Alikuwa na maneno mengi na tumbo kubwa, na watoto watatu waliomfuata baba yao kwa maneno.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa mtaa mwembamba nyuma ya kiwanda cha mikate. Mtaro wa bomba la maji ya mvua ulikuwa unapanda kutoka chini ya mtaa kwenda juu, na katikati ya njia yake palikuwa na waya wa umeme uliokatiza barabara kwenda kwenye chumba cha pampu na magorofa mawili ya pembeni. Ramani ilionyesha waya mmoja tu, uliolazwa miaka sita iliyopita. Mtaro haungeweza kuukwepa. Ilibidi upite chini yake, na ili upite chini yake ilibidi kwanza ujulikane uko wapi hasa. Ramani za chini ya ardhi, yeyote aliyewahi kuzitumia atakwambia, huchorwa na mtu aliyekaa ofisini akinywa chai.

Mama Rangi alitoa vyombo vyake. Kulikuwa na sanduku na kulikuwa na fimbo, vibarua waliviita hivyo na yeye pia akaviita hivyo. Sanduku unalibana kwa koleo dogo kwenye chuma cha ule waya pale unapotokeza, kwa mfano kwenye kabati la umeme, nalo linapeleka mlio ndani ya waya. Kisha unachukua fimbo, unatembea juu ya ardhi, na fimbo inausikia ule mlio kutoka chini. Inapolia kwa nguvu kuliko pote, hapo ndipo waya ulipo, na kioo chake kidogo kinakupa kina. Kulikuwa pia na kitoroli cha rada, ambacho huona hata mabomba ya plastiki yasiyo na chuma, lakini kitoroli kilikuwa kwa fundi wiki ya tatu.

Alibana koleo kwenye kabati la chumba cha pampu. Akatembea. Fimbo ikalia safi, mstari mmoja, bila kigugumizi. Kina: mita moja kasoro kidogo. Akapuliza rangi nyekundu kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine, akainuka huku ameshika kiuno.

Baada ya rangi linafuata shimo la kuonea. Hapo mashine haigusi kitu. Mtu anachimba kwa mkono, polepole, mpaka chombo kionekane kwa macho. Mchimbaji wao alikuwa mtu mzima mmoja aliyeitwa Mzee Koleo, ambaye hakuwahi kukwaruza waya maisha yake yote na alikuwa akilisema hilo kila siku kana kwamba kuna mtu aliyebisha. Alichimba, akaparua, akaita.

"Mama Rangi! Mtu wako huyu hapa. Mweusi, amelala kama mfalme."

Mama Rangi alipiga magoti, akaingiza mkono wenye glavu nzito shimoni, akausafisha ule waya kwa vidole, akashusha utepe wa kupimia. Mita moja kasoro, kama fimbo ilivyosema, na chini ya mstari kabisa.

"Umeona?" alisema Mzee Koleo. "Bila mkwaruzo."

"Nimeona, mzee wangu. Hongera."

Ilibaki hatua moja. Wenyewe waliiita kusikiliza kimya. Unalizima sanduku, halafu unapita tena njia yote na fimbo peke yake, maana waya wenye umeme hunguruma wenyewe, hauhitaji kupelekewa mlio na mtu. Kama kuna mwingine ambao ramani imeusahau, utanguruma na fimbo itausikia. Ni robo saa tu. Mama Rangi mwenyewe ndiye aliyewafundisha vijana wengi hatua hiyo, na kwa ukali.

Alitazama barabara. Alitazama magoti yake. Saa nne hivi asubuhi, na bado kulikuwa na uwanja wa zahanati upande wa pili wa mji uliokuwa ukimsubiri, kwa sababu mwenzake aliyekuwa akigawana naye kazi aliacha na hajapatikana wa kuziba nafasi. Waya nimeutafuta, alijiambia, nimeupata, nimeushika kwa mkono wangu. Nisikilize nini tena? Akakunja vyombo.

Msimamizi wa kazi, mtu aliyetazama saa yake mara nyingi kuliko alivyotazama watu, alileta fomu. Mama Rangi akaandika: *Waya mmoja. Umeonekana kwa macho.* Akasaini. Kwa sahihi hiyo, katapila iliruhusiwa kuchimba mpaka hatua moja kabla ya mstari mwekundu. Kutoka hapo ingekuwa kazi ya Mzee Koleo.

"Haya shemeji," alisema, "nyumba ni yako."

"Ukirudi jioni msalimie mama mkwe," dereva alijibu, na akawasha injini.

Zahanati ilikuwa na kivuli kizuri na benchi. Mama Rangi alikaa dakika mbili kabla ya kuanza, akizihesabu hizo dakika kwa wivu. Kisha akavuta glavu kutoka kwenye mfuko wake ili azivae.

Glavu hazikuachana. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimegandana, na alipovivuta vilitoa uzi mweusi unaonata. Alinusa. Lami. Na ndani ya lami hiyo kulikuwa na nyuzi za gunia.

Alikaa hivyo hivyo, glavu mkononi. Nyaya za zamani, zile za enzi za wazee wake kazini, zilifungwa kitambaa cha gunia kilicholowekwa lami ili zisioze. Hazitengenezwi hivyo tena. Waya wa miaka sita una ngozi ya plastiki, laini, unateleza kama bomba la bustani. Hauna lami. Hauna gunia. Hauwezi kuwa navyo.

Ala!

Sasa ndipo akili yake, iliyokuwa imelala tangu alfajiri, ikaamka yote kwa mpigo. Waya alioushika ulikuwa mfu. Walipolaza mpya miaka sita iliyopita hawakuung'oa wa zamani, waliuacha ardhini, na ganda lake la chuma likabaki limefungwa kwenye kabati lile lile la pampu. Sanduku lake lilipopeleka mlio kwenye kabati, mlio ulichagua njia iliyo nyepesi zaidi, ukaenda kwenye maiti. Na yeye akaifuata maiti kwa fimbo, akaipima, akaipongeza, akaisainia. Waya wenye uhai ulikuwa mahali pengine katika barabara ile, hakujua wapi. Na katapila ilikuwa inachimba.

Alimpigia shemeji. Haikupokelewa, wala isingepokelewa, maana dereva akiwa kwenye mashine simu yake hukaa kwenye sanduku la msimamizi; ndiyo sheria. Alimpigia msimamizi. Ikaita mpaka ikachoka. Kwa kelele ya injini ile hata baragumu lisingesikika. Aliipigia ofisi ya umeme wakate njia ile, akaambiwa asubiri kwenye laini aunganishwe na wahusika, muziki ukaanza. Akaikata.

Aliacha makopo, aliacha mfuko, akabeba fimbo peke yake na kusimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita.

"Wapi, mama?"

"Nyuma ya kiwanda cha mikate. Kimbiza."

"Kuna mgonjwa?"

"Bado," alisema Mama Rangi, na yule kijana hakuuliza tena.

Njiani hakuomba dua yoyote ya maana. Alichokuwa akikiona ni mdogo wake akiwa na miaka saba, akilia kwa sababu kiatu kimemkwama kwenye tope, na yeye dada mtu akimwambia nyamaza, nitakitoa. Hilo tu, kiatu na tope, tena na tena, dakika kumi nzima.

Aliposhuka, mtaro ulikuwa umepanda sana. Kutoka kwenye kijiko cha katapila hadi mstari mwekundu zilibaki hatua nne. Shemeji alikuwa juu kwenye kiti, ametulia, mdomo unachezacheza kwa wimbo ambao hakuna aliyeusikia. Mzee Koleo alikuwa ndani ya mtaro, kando kabisa ya kijiko, akimwelekeza kwa mkono: shusha, shusha kidogo.

Mama Rangi alipiga kelele. Sauti yake ikamezwa. Basi akafanya jambo ambalo yeye angemfukuzisha kazi mtu mwingine kwa kulifanya: alikimbia mbele ya mashine inayofanya kazi, akasimama pale kijiko kilipokuwa kinataka kushuka, akakutanisha mikono yake juu ya kichwa kuwa msalaba.

Kijiko kikaganda hewani juu yake. Injini ikazimwa. Ukimya ulioingia pale mtaani uliumiza masikio.

"Shemeji, umerogwa?" Dereva alikuwa amesimama, uso umemparara. "Ningekupasua kichwa! Ningemwambia nini mke wangu?"

"Shuka. Mzee Koleo, toka humo mtaroni. Toka sasa hivi."

Msimamizi alikuja mbio, fomu mkononi. "Mama Rangi, kuna nini tena? Umesaini. Hii hapa sahihi yako. *Umeonekana kwa macho.*"

"Nimeona maiti."

"Nini?"

"Ule waya ni mfu. Ni wa zamani. Mzima uko mahali pengine."

"Wapi?"

"Sijui," alisema, na neno hilo lilimuuma kulitoa kuliko magoti yote mawili. "Nipeni kimya nisikie."

Aliishika fimbo. Sanduku alikuwa ameliacha zahanati, na safari hii hakulihitaji. Alianza kwenye mstari mwekundu na kurudi nyuma, kuelekea mtaro. Juu ya mstari, fimbo ilikaa kimya kama jiwe. Hatua moja, kimya. Hatua mbili, ikaanza kunong'ona. Hatua tatu, ikanguruma. Hatua ya nne fimbo ilinguruma wazi, kila mtu akaisikia, na Mama Rangi alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mtaro, akitazama chini, mahali pale pale Mzee Koleo alipokuwa amesimama.

Dereva ndiye aliyesogea kwanza, akaenda kwenye kijiko chake kilichobaki hewani. Kati ya meno ya kijiko kulikuwa na kitu cha njano kinaning'inia, kimejaa udongo. Alikivuta. Kikaja kirefu, kama urefu wa mkono. Akakifuta kwa suruali yake. Kilikuwa kipande cha utepe wa plastiki, na juu yake pameandikwa HATARI UMEME, HATARI UMEME.

Utepe huo hulazwa juu ya waya mpya ili anayechimba aonywe. Chini yake kunabaki mkono mmoja hivi wa udongo, halafu waya. Kijiko kilikuwa kimeshaurarua. Pigo moja zaidi la kijiko, lile lile ambalo Mama Rangi alilizuia, na moto ungepanda kwenye chuma.

Dereva alikaa chini. Alikaa kwenye udongo, utepe mikononi, akiusoma tena na tena. Mzee Koleo aliondoka kando kidogo akawapa mgongo, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Waya waliukuta alasiri, kwa mkono, baada ya umeme kukatwa: mwekundu, laini, wa plastiki, shibiri moja chini ya sakafu ya mtaro. Mzee Koleo aliufukua bila mkwaruzo, na siku hiyo hakulisema hilo. Mama Rangi, makopo yake yakiwa yameshafuatwa zahanati, alipaka mstari mpya. Mstari ulitoka umepinda, akauacha hivyo.

Msimamizi alimvuta pembeni. Kwa mara ya kwanza hakuwa akitazama saa. "Hakuna aliyeumia," alisema kwa sauti ya chini. "Tunaweza kuandika kwamba waya wa pili tumeupata kwa utaratibu. Ni kweli kabisa, si tumeupata? Wewe ni mtu wa miaka mingi, sitaki waje kukutoa kwa kitu ambacho hakikutokea."

Alikuwa anamtakia mema, na Mama Rangi alilijua hilo. Alichukua kalamu, akaigeuza fomu nyuma palipokuwa patupu, akaandika, *Sikusikiliza kimya. Nilichoka nikaruka hatua. Kosa ni langu.* Akaandika na saa. Msimamizi alisoma, akashusha pumzi, akaikunja akaitia mfukoni.

Shemeji alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo ya vibarua. Alikuwa ananawa kwa muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. Mama Rangi alisimama karibu naye, asijue aanzie wapi.

"Nimekukosea," alisema hatimaye.

"Umeniokoa pia."

"Nisingekukosea usingehitaji kuokolewa."

Dereva alitikisa maji mikononi. Hakumtazama. "Shemeji, nitakwambia kabla hujasikia kwa mtu. Nimemwomba msimamizi, kuanzia kesho nipimiwe na mtu mwingine. Si hasira. Haki ya Mungu, si hasira. Ila nilikuwa nachimba huku naimba. Kwenye rangi yako huwa sifikirii kitu, naimba tu. Sasa nikikaa pale juu nitakuwa naogopa, na mtu mwoga kwenye mashine anaua watu. Nina watoto, shemeji."

Ilimchoma. Nisiwadanganye kwamba aliipokea kama mtu mzima mwenye hekima. Alitamani ampige na ile ndoo. Miaka kumi na moja! Halafu hasira ikapita, maana haikuwa na pa kushika.

"Umefanya sawa," alisema. "Na mimi ningefanya hivyo hivyo."

"Mke wangu tusimwambie. Atapata presha bure."

Mama Rangi alimwacha kwenye ndoo. Alikwenda akakaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma wa kiwanda cha mikate, akatoa simu, akampigia mdogo wake. Shemeji alimwona, akainua mkono kumzuia, kisha akaushusha.

"Dada," mdogo wake alipokea, "vipi, mama anaendeleaje?"

"Mama hajambo, jirani yuko naye. Sikiliza. Leo nusura nimuue mume wako." Alimweleza yote, waya wa zamani na waya mpya, lami, utepe, bila kujipunguzia.

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko mbele yangu. Ananawa mikono. Mzima, hana hata mkwaruzo."

Mama Rangi alingoja matusi, na kwa kweli aliyataka, yangempunguzia mzigo. Mdogo wake alikuwa analia, lakini alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini na ya upole, na upole ule ndio uliomvunja.

"Dada, mara ya mwisho kulala usingizi mzima ilikuwa lini?"

Mama Rangi alifungua mdomo ajibu. Alirudi nyuma siku moja, akarudi wiki, akarudi mwezi, akitafuta, na hakupata kitu. Akaweka kichwa chake kwenye magoti, simu ikiwa bado sikioni, akasema, "Njoo umchukue mama."